Neno Lisilo na Msemaji: Chuki na Vyombo vya Mawasiliano Kilifi na Malindi

Katika makaya ya Wamijikenda, tuhuma ya uchawi ilikuwa na njia yake ya kupita. Aliyemshuku mwenzake kwa utsai, kama Wagiriama wanavyouita, alipaswa kulitamka neno hilo mbele ya wazee, mshukiwa akiwa papo hapo, kisha shauri likaamuliwa kwa kiraho: kugusa shoka lililopashwa moto, au kula papai lililofanyiwa dawa. Desturi hiyo ilikuwa na ukatili wake, na hapana shaka wako waliounguzwa bila kosa. Hata hivyo mshitaki alijulikana kwa jina na kwa ukoo, na shitaka likimwangukia alidaiwa fidia. Ukiangalia maneno ya chuki yalivyoenea katika mwambao wa Kilifi na Malindi tangu wakati huo, utaona kwamba karibu kila chombo kipya kilimpa msemaji mahali papya pa kujificha.

Redio ilipoingia mabarazani haikumficha sana. Kuanzia 1954 Redio Cairo ilitangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni, na watawala wa Kiingereza wakapata wasiwasi mkubwa kwa jinsi ilivyosikilizwa mwambao mzima. Sauti ya Mvita ya Mombasa nayo ikawa na wasikilizaji wake. Miaka ya 1961 hadi 1963, hoja ya Mwambao ilipowagawa waliotaka ukanda wa maili kumi ujitenge na wale waliotaka Kenya moja, maneno makali yalisemwa pande zote. Lakini sauti ya redioni ilikuwa na mwenyewe. Mtangazaji alijulikana, na kituo kilikuwa na anwani.

Vurugu za 1997 zilikuja na mtindo mwingine. Usiku wa tarehe 13 Agosti vijana waliokuwa wamelishwa kiapo walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki. Mashambulizi yakatapakaa Kwale, kisha yakapanda kaskazini hadi Kilifi na Malindi, ambako vibanda na nyumba za watu wa bara vilichomwa. Watu wapatao mia moja waliuawa, na wengine wapatao 100,000 wakahama makwao. Tume ya Akiwumi, iliyoteuliwa mwaka uliofuata, iliona mkono wa wanasiasa nyuma ya vijana hao. Chombo cha vitisho kilikuwa karatasi: vipeperushi visivyo na saini, vikiwaamuru wageni waondoke. Wakati huo utangazaji wa nchi ulikuwa bado karibu wote mikononi mwa serikali, na vituo vya FM vya Pwani havijazaliwa. Anayesema kwamba chuki ya Pwani ililetwa na vyombo vya umeme ameisahau karatasi ile. Kilichozaa uhasama ni ardhi: maskwota wanaolima mashamba yenye hati za watu wengine, na kazi za hoteli na bandari ambazo wenyeji waliona zinawapita.

Miaka kumi baadaye kipeperushi kilihamia mfukoni. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 nchini ziliambatana na ujumbe mfupi wa simu uliotaja makabila, ukaomba orodha za majirani na kumhimiza kila mpokeaji autume mbele. Serikali ilifikiria kuzima huduma hiyo; wakuu wa kampuni ya simu ya Safaricom wakashawishi badala yake itumike kusambaza ujumbe wa amani. Redio za lugha za mama zilinyooshewa kidole, na mtangazaji wa KASS FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ambako kesi yake ilisitishwa Aprili 2016. Pwani ilikuwa na bahati moja ambayo haitajwi vya kutosha. Vituo vyake vikubwa, kama vile Pwani FM, Baraka FM na Redio Rahma, vilitangaza kwa Kiswahili, lugha ambayo Mgiriama, Mkikuyu na Mjaluo wa Malindi wote wanaielewa. Tusi lingesikika na anayetukanwa papo hapo. Ni vigumu kupanga njama kwa lugha ya jirani unayemlenga.

Simu haikuwa na kizuizi hicho. Kati ya Agosti na Septemba 2012, Wapokomo na Waorma walipouana katika Delta ya Tana, zaidi ya watu mia moja walikufa, na Malindi ikawa mji wa kukimbilia kwa majeruhi na waliohamishwa. Wakati huohuo kaulimbiu ya Baraza la Republican la Mombasa, kundi lililodai Pwani ijitenge, “Pwani si Kenya”, ilikuwa ikizunguka kwa vinywa na kwa simu. Usiku wa kuamkia uchaguzi wa Machi 2013 mashambulizi dhidi ya polisi katika kaunti za Mombasa na Kilifi yaliua zaidi ya watu kumi. Serikali ililishuku baraza hilo, na viongozi wake wakakana.

Sheria ilikuwa tayari imeandikwa. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilifanya matamshi ya chuki kuwa kosa na kuunda tume ya kuyafuatilia. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, ikayaondoa matamshi hayo katika uhuru wa kujieleza. Mwaka 2018 ikafuata sheria ya makosa ya kompyuta na mitandao.

Lakini chuki inayoua zaidi Kilifi mwaka baada ya mwaka haina kabila. Makumi ya wazee, mvi na macho mekundu vikiwa ndio ushahidi pekee, wameuawa kwa kushukiwa uchawi Ganze, Kaloleni, Magarini na kwingineko, mara nyingi na jamaa zao wenyewe, na mara nyingi shamba la urithi likiwa ndilo kiini. Tuhuma hizo huanza matangani, pale msiba unapotafutiwa mwenye kuusababisha. Zamani maneno ya matangani yalibaki kijijini hadi wazee waitwe. Siku hizi habari ya kifo humfikia kijana aliye Mombasa au Nairobi kabla ya kaburi kuchimbwa, na jina la babu anayeshukiwa linaweza kufika nayo, katika kundi la ukoo la WhatsApp ambalo babu mwenyewe hayumo. Wazee wengine hupaka nywele rangi nyeusi kuficha mvi. Waliofukuzwa hupata hifadhi Kaya Godoma, Ganze, ambako Chama cha Utamaduni cha Wilaya ya Malindi, MADCA, kimekuwa kikiwapokea.

Sheria ya 2008 haimfikii mzee huyo, kwa kuwa chuki inayoikataza ni ya rangi, taifa, asili na kabila, umri haumo. Kinachomlinda moja kwa moja ni sheria ya kikoloni ya 1925 kuhusu uchawi, inayofanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa kosa isipokuwa tuhuma ipelekwe kwa afisa wa serikali. Sheria hiyo iliandikwa wakati mshitaki alikuwa mtu aliyesimama barazani, na ni vigumu kuitumia bila aliyesema kujulikana. Katika ujumbe uliopokelewa na kutumwa mbele mara kadhaa, kila mwenye simu husema kwamba yeye pia aliletewa.