Langoni: Si Vidole, Ni Umbali

Nilipokuwa mdogo hapa Langoni, kaka zangu walinicheka kwenye michezo ya kufyatuliana risasi mtandaoni: "Una vidole vizito!" Kumbe mchawi alikuwa angani.

Kabla ya 2009, intaneti ya Kenya kwenda nje ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Piga hesabu: amri yako ipande, ishuke, jibu lipande, lishuke. Hapo zimekwisha milisekunde 480 hivi, na seva haijafanya kazi yoyote. Unauawa hujamwona adui!

Mwaka 1996, John Carmack wa Marekani alitafuta dawa katika QuakeWorld: kompyuta ya mchezaji ibashiri hatua zake bila kungoja seva. Hilo lilificha kuchelewa, halikukuondoa.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini. Kutoka Mombasa hadi Fujairah, kama kilomita 5,000, mwanga huenda na kurudi kwa milisekunde 50 tu.

Siku hizi mdogo wangu akishindwa, simcheki. Kwanza tunapima kwa amri ya ping, kisha tunachagua seva ya karibu. Vidole tunavilaumu mwisho.