Treni ya Metropolitan na Mji wa Watford

Wasomaji wetu wa Harrow hawahitaji kuelezwa habari za treni ya Metropolitan. Ilifika hapa mwaka 1880, Harrow ikiwa bado sehemu ya mashamba chini ya kilima. Wengi wetu tumeizoea kwa upande mmja tu, wa kwenda kazini London. Lakini panda siku moja ile iendayo kaskazini, iliyoandikwa Watford. Itakupitisha North Harrow na Pinner, kisha itakushusha kwenye mtaa tulivu wa nyumba za watu, karibu na bustani ya Cassiobury. Mjini kwenyewe ni kama maili moja mbele. Mgeni hujiuliza, stesheni ya mji imewekwaje nje ya mji?

Haikukusudiwa hivyo. Kampuni ya Metropolitan ilipopata idhini ya Bunge mwaka 1912, ilitaka kufika katikati ya Watford. Lakini baraza la mji lilikuwa limeanza kununua ardhi ya Cassiobury ili wananchi wapate mahali pa kupumzika, na halikukubali reli ikatize bustani yake. Vita Kuu ikachelewesha kazi, na stesheni ikafunguliwa Novemba 1925 pale pale ilipozuiwa. Kampuni haikukata tamaa: ilinunua jengo katika barabara kuu ya Watford, ikitumaini kulifanya stesheni. Treni haikufika kamwe, na baadaye jengo hilo likawa baa.

Sasa tazama mambo yanavyogeuka. Miaka tisini baadaye, serikali za mitaa ndizo zilizokuwa zikiomba treni iingie mjini. Palikuwa na njia ya zamani ya Croxley Green, iliyofunguliwa mwaka 1912 na kusimama mwaka 1996, barabara mpya ilipojengwa juu yake. Wazo lilikuwa rahisi: jenga daraja refu juu ya mfereji na mto, uunganishe Metropolitan na njia ile, treni ifike hadi Watford Junction. Zingekuwapo stesheni mbili mpya njiani, moja karibu na hospitali kuu ya Watford. Muuguzi anayekaa Pinner angepanda treni moja tu mpaka kazini.

Mwenye mradi alikuwa Halmashauri ya Hertfordshire. Desemba 2011 serikali kuu ilikubali kubeba sehemu kubwa ya gharama, ambazo wakati huo zilikadiriwa kuwa chini ya pauni milioni 120. Zilizobaki halmashauri izitafute yenyewe. Mwaka 2013 idhini ya kisheria ikatoka. Ndipo hesabu zikaanza kupanda, na kufikia mwaka 2015 zilikuwa pauni milioni 284. Halmashauri ya mkoa haina uzoefu wa kujenga reli, wala haimiliki treni hata moja, kwa hiyo kazi ikakabidhiwa TfL, shirika la usafiri la London, wakati Boris Johnson ni meya. Katika makubaliano yale kulikuwa na sharti moja zito: gharama zikizidi tena, TfL ndiyo itakayolipa.

Zikazidi. Chini ya meya mpya, Sadiq Khan, TfL ikasema zinahitajika pauni milioni 70 na ushee zaidi, na kazi ikasimamishwa. Watu wa Watford walimlaumu sana meya. Mimi naona lawama hiyo ni nusu tu ya haki. Watford haimo London. Wakazi wake hawampigii meya wa London kura, na yeye hana deni la kisiasa kwao, hasa wakati ruzuku ya serikali kuu kwa TfL ilikuwa ikikatwa. Ningelaumu zaidi ule mkataba wa 2015, uliompa mtu mmoja mzigo na kumpa mwingine faida.

Sisi tuliotoka Dar es Salaam tunaweza kulinganisha na treni ya abiria iliyoanza Oktoba 2012. Ile ilikuwa kazi ya wizara na mashirika yake mawili, TRL na TAZARA. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri. Ukiipenda au ukiichukia, ulijua wa kumwendea. Reli ya Croxley ilikuwa na serikali kuu, halmashauri, meya na shirika lake, na kila mmoja aliweza kumnyoshea mwenzake kidole.

Agosti 2018 muda wa kununua ardhi kwa nguvu ya sheria ulikwisha. Daraja halikujengwa. Anayetoka Harrow-on-the-Hill kwenda hospitali ya Watford bado anashuka pale bustanini, halafu anatafuta basi.