Pikuls, Kuzimu na Jua la Ng'ambo

Mwaka 1545, mjini Königsberg, kilichapwa kijitabu cha katekisimu kwa lugha ya Waprusi wa kale, watu walioishi pwani ya kusini mashariki ya Bahari ya Baltiki. Mfasiri alipofika pale Kanuni ya Imani inapotaja alikoshukia Yesu baada ya kuzikwa, alihitaji neno la mahali pa wafu. Akaandika pekollin. Msomaji aliyekulia kanisani kwetu analijua neno tunalolitamka sisi mahali hapo hapo: kuzimu.

Hilo pekollin limenishughulisha sana, kwa sababu ni umbo mojawapo la neno pikuls, na pikuls halikuwa jina la mahali peke yake. Mwaka 1530 maaskofu wa Kilutheri wa Prusia walitoa orodha ya miungu ya wenyeji, na kila mmoja wakamtafutia mwenzake wa Kirumi. Perkūns wa radi wakamlinganisha na Jupita. Pecols wakamlinganisha na Pluto, mtawala wa wafu. Kwa hiyo katika kizazi kimoja, neno lile lile ni mungu katika orodha ya maaskofu na ni jehanamu katika katekisimu. Hata kabla yao, msamiati wa Elbing, orodha ya maneno 802 ya Kijerumani na Kiprusi iliyokusanywa miaka mia na zaidi nyuma, ulikwisha kuandika pyculs kuwa ndiyo jehanamu. Wapo wanaisimu wanaosema shina lenyewe liliingia kutoka kwa majirani Waslavoni, ambao kwao lilikuwa jina la jehanamu. Kama ndivyo, basi mungu wa wafu wa Waprusi ametufikia akiwa amevishwa jina la moto usio wake, na jina alilozaliwa nalo limepotea. Lugha yake nayo ilizimika mwanzoni mwa karne ya 18. Hakuna wa kumuuliza.

Sisi bado tupo, na neno letu lina historia inayofanana na hiyo. Kuzimu limejengwa kwa -zimu, shina la mzimu na mizimu, likatanguliwa na ku- ya mahali kama katika kuume. Maana yake ya asili ni kwa mizimu, huko waliko waliotutangulia. Wanyarwanda husema ikuzimu, na kwao abazimu ni roho za wafu wa ukoo, zinazojua njia ya kurudi nyumbani. Ndani ya shina hilo hamna moto wala hukumu. Hivyo vililetwa na matumizi. Leo mhubiri akitaja nguvu za kuzimu, hakuna anayemfikiria bibi yake mzaa mama, wote wanamfikiria Shetani.

Ndiyo maana istilahi "miungu wa kuzimu", ambayo mfasiri wa hekaya za Ulaya huifikia bila kufikiri, inanitia wasiwasi ninapoiona imewekwa juu ya miungu wa Wabaltiki, yaani Waprusi hao na jamaa zao wa lugha, Walithuania na Walatvia. Inampa msomaji shimo, giza na mapembe kabla hajasoma mstari wa kwanza.

Na shimo hilo, kwa Wabaltiki, mara nyingi halipo kabisa. Mwezi Februari 1249, huko Christburg, Waprusi walioshindwa vitani walifunga mapatano na Shirika la Kiteutoni, wale wapiganaji watawa wa Kijerumani waliowateka. Pamoja na mengine, waliahidi kutochoma tena maiti pamoja na farasi, silaha na mavazi, na kutowaweka tena watu walioitwa Tulissones na Ligaschones. Hao walikuwa wasemaji wa mazishini. Walisimama mbele ya wafiwa wakasema kwamba wanamwona marehemu, wakati ule ule, akikata anga juu ya farasi, silaha zinang'aa, kipanga mkononi, na msafara mkubwa nyuma yake, anakwenda ulimwengu mwingine. Mapatano yaliandikwa na watu walioona jambo hilo ni uongo mtupu, na pengine kwa sababu hiyo wameliandika kwa makini. Ukilisoma, unainua macho. Mfu yuko juu.

Walithuania nao wana dausos, makao ya roho yaliyo mbali na mara nyingi juu, ambako hata ndege wahamao husemekana huenda kukaa majira ya baridi. Ule utepe mweupe wa nyota unaolikata anga usiku wanauita Njia ya Ndege, na roho pia hupita humo. Mwandishi wa tarehe Maciej Stryjkowski, katika kitabu chake cha 1582, anasimulia kwamba wapagani wa Lithuania walitia kucha za wanyama wakali motoni pamoja na maiti, ili marehemu apate kukwea mlima siku ya hukumu. Kucha za kukwelea! Huyo hakutarajia kushuka.

Walatvia ndio walionifundisha zaidi. Kwa Kilatvia, ulimwengu tunaoishi ni šaisaule, yaani katika jua hili. Kule wanakokwenda wafu ni viņsaule, jua la kule. Lipo pia aizsaule, nyuma ya jua. Malimwengu yote mawili yameitwa kwa jua, na kifo ni kuvuka kutoka jua moja kwenda jingine. Kiswahili kinapokea wazo hili bila kusukumwa, kwa sababu sisi nasi tukitaka kusema duniani kote husema chini ya jua, na kwa upande wa pili wa maji tuna neno ambalo kila mtu wa pwani analo mdomoni. Viņsaule naiandika jua la ng'ambo. Nimejaribu ahera, nikaiacha: ni neno zuri, lakini lina kiyama na hesabu ya matendo ndani yake, na anayelisoma ana haki ya kuvitarajia.

Majina ya miungu wenyewe yanataka uangalifu wa namna nyingine, kwa kuwa "mungu wa mauti" hukusanya kazi ambazo Wabaltiki walizitenganisha. Giltinė wa Lithuania ndiye anayeua. Jina lake linatokana na kitenzi gelti, kuuma kama anavyouma nyuki au nge, na katika masimulizi ana ulimi mrefu wenye sumu. Mifupa na fyekeo la majani anavyochorwa navyo siku hizi ni mavazi ya Ulaya magharibi aliyoyavaa baadaye. Wengine humtaja kuwa ndugu wa Laima, yule anayempangia mtoto maisha siku ya kuzaliwa, hata mkono mmoja wa ukoo ukawa unatoa na mwingine unachukua. Nimeona kishawishi cha kumwita Ziraili. Nakielewa, maana kila Mswahili, wa dini yoyote, analijua jina hilo na linamsimamisha nywele. Lakini Ziraili ni malaika anayetumwa, hana chake, na Giltinė hatumwi hivyo. Halafu Kiswahili hakionyeshi kama ni mwanamume au mwanamke, na kwa Walithuania kwamba mauti ni mwanamke ni nusu ya habari. Pendekezo langu ni kuliacha jina Giltinė kama lilivyo na kulifafanua mara ya kwanza kwa Bibi Mwenye Mwiba. Mwiba ndilo neno letu la ile sindano ya nyuki, na lipo karibu sana na kitenzi chao.

Kuua kukiisha, kazi ya Giltinė imekwisha. Kupokea ni kwa wengine. Jan Łasicki, katika kitabu kuhusu miungu wa Samogitia, sehemu ya Lithuania, kilichochapwa Basel mwaka 1615, anamtaja Vielona, mungu wa roho, anayetolewa sadaka wakati wafu wanapolishwa. Kwa Walatvia mpokeaji ni Veļu māte. Neno la pili ni mama, halina utata. Kilatvia kina akina mama wengi wa namna hii, wa upepo, wa bahari, wa msitu, na katika nyimbo za kienyeji alizozikusanya Krišjānis Barons, nyimbo 217,996 zilizotoka kati ya 1894 na 1915, akina mama wa wafu wanasikika tena na tena. Veļu māte hufurahi mgeni anapoletwa makaburini. Zemes māte, mama wa ardhi, huombwa na mtoto ufunguo wa kaburi, ili mtoto alifunge kabla mama yake mzazi mzee hajaingia. Wimbo huo niliufikia usiku, na kwa siku kadhaa sikuandika kitu.

Veļi, basi, ni akina nani? Ni roho za wafu wa nyumba, zinazojulikana kwa majina, zinazokuja kwa msimu, zinazokula. Hapa ndipo Kiswahili kina neno tayari na hakina haja ya kuazima: mizimu. Mzimu kwetu una mahali pake, una chakula chake, una watu wake wanaoukumbuka. Dar es Salaam ina kata nzima inayoitwa Mzimuni. Veļu māte ni Mama wa Mizimu, na ningeomba istilahi hiyo iingie kwenye kamusi zetu za hekaya hivyo hivyo. Kuzimu silifukuzi. Naliweka pale Pecols alipokwisha kugeuzwa jehanamu na wafasiri, kwa sababu pale ndipo maneno yote mawili yamepata ajali ile ile.

Msimu wenyewe wa veļi ni vuli ya kule, mavuno yakiwa ndani na ukungu nje. Paul Einhorn, mchungaji wa Kilutheri katika Kurland, sehemu ya Latvia, aliuandika katika kitabu chake cha 1649 kwa hasira ya mtu aliyetaka uishe, na Walatvia bado wanao mwezi uliopewa jina la mizimu. Chakula kiliandaliwa ghalani au kwenye kibanda cha kuogea, mahali palipofagiwa na kupashwa moto. Mwenye nyumba aliingia na mwanga, akawaita wazazi na ndugu waliokufa kwa majina kadiri alivyowakumbuka, akawakaribisha wale na wanywe. Alingoja. Walipokuwa wameshiba kwa kipimo chake, aliwaaga na kuwaonyesha njia, akiwaomba jambo moja tu: warudi kwa kufuata barabara, wasikatize shambani, kwa sababu mbegu za mwakani zilikwisha kupandwa na wakizikanyaga wataumiza mizizi.