Picha Mbili na Pengo Kati Yake: Maneno na Picha katika Historia ya Udongo wa Ukambani

Mwaka 1937 R. O. Barnes alipiga picha za mmomonyoko wa udongo katika rizavu ya Wakamba ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha pia sehemu ya Makueni ya leo. Picha hizo za vilima vilivyochunika na malisho yaliyobaki udongo mtupu ziliambatana na ripoti yake kwa Idara ya Kilimo ya Kenya. Mwaka huo huo Colin Maher wa idara hiyo aliandika ripoti ambayo iliwatwika wakulima na wafugaji wenyewe lawama ya uharibifu huo. Katika muktadha huo, picha ilikuwa shahidi wa upande wa mashtaka.

Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu More People, Less Erosion. Baadhi ya picha za Barnes zilitolewa upya humo, zikiwa zimeambatanishwa na picha zilizopigwa mahali pale pale mwanzoni mwa miaka ya 1990. Palipokuwa na mteremko mtupu sasa pana matuta na miti, ilhali idadi ya watu wa Wilaya ya Machakos ilikuwa imepanda kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Picha zile zile zilizowashtaki Wakamba zikawa ushahidi wa kuwatetea. Hakuna kilichobadilika ndani ya picha ya Barnes. Kilichobadilika ni maneno yaliyoizunguka na picha iliyowekwa kando yake.

Roland Barthes, katika insha yake ya mwaka 1964 kuhusu balagha ya picha, alitofautisha kazi mbili za maneno yanayoandamana na picha. Kwanza, maneno huwa nanga: huizuia maana isielee na kumwelekeza msomaji kwenye tafsiri moja miongoni mwa nyingi. Pili, maneno na picha hupokezana, kila kimoja kikiendeleza kisa pale kingine kilipoachia. Ripoti za 1937 zilitumia kazi ya kwanza. Kitabu cha 1994 kinakaribia ile ya pili, kwa kuwa jozi ya picha ni usimulizi hata kabla ya neno lolote kuandikwa: picha ya kwanza hugeuka kuwa mwanzo na ya pili kuwa tamati. Mhakiki wa fasihi anapaswa kuuliza swali ambalo huuliza mbele ya usimulizi wowote, yaani ni nini kilichorukwa.

Kilichorukwa ni kingi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilianza kuwapunguza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu, kwa hoja kwamba mifugo ilikuwa imezidi uwezo wa ardhi. Umati wa Wakamba ulikwenda Nairobi kupinga. Muindi Mbingu, kiongozi wao, alihamishiwa Lamu, lakini serikali ililazimika kuiacha sera ile. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walichimbishwa matuta kwa amri, na baadaye kazi hiyo ikaendelezwa kwa hiari na vikundi vya mwethya, ambavyo kwa sehemu kubwa ni vya wanawake. Yote hayo yamo katika ule mstari mweupe unaotenganisha picha mbili. Kitabu chenyewe, ni haki kusema, kinaieleza historia hiyo katika sura zake. Lakini jozi za picha huweza kunakiliwa na kusafiri peke yake, na sura haziandamani nazo.

Neno moja la Kiswahili limesafiri pamoja nazo: fanya juu, jina la tuta linalojengwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro. Wataalamu wa kilimo wa nchi nyingi hulitumia bila kulitafsiri. Kisarufi neno hilo ni amri, na amri kwa mtu mmoja. Si vigumu kusikia humo sauti ya msimamizi, ingawa waliofanya kazi hiyo walikuwa wengi.

Lipo pia suala la majira. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na zile za Oktoba hadi Desemba, nthwa, ndizo zinazotegemewa zaidi. Kilima kile kile hakifanani mwishoni mwa Septemba na mwezi Januari. Maelezo ya picha yanayotaja mwaka bila mwezi huacha wazi uwezekano kwamba msomaji analinganisha kiangazi na masika. Matuta hayaoti kwa mvua moja, lakini ukijani huota. Kosa hili linaweza kurekebishwa kwa neno moja tu, na ndiyo maana halisameheki.

Gumu zaidi ni lile ambalo kamera haiwezi kulinasa kabisa. Mwaka 1999 John Murton alichapisha utafiti uliofanywa Mbooni, katika Makueni, uliodhihirisha kwamba maendeleo yaliyosifiwa hayakuzifikia kaya zote kwa kiasi sawa: wenye kipato cha nje ya shamba waliweza kuwekeza katika ardhi, na tofauti kati yao na maskini zikapanuka. Matuta ya tajiri na ya maskini huonekana ukurasani kama mteremko mmoja uliopendeza. Bila sentensi inayotaja shamba ni la nani, na fedha za kulitengeneza zilitoka wapi, picha humdhulumu yule ambaye hamo.

Kitui haikuwamo katika uchunguzi wa Barnes, hivyo haina jozi ya namna hiyo. Hata hivyo umbo la "kabla na baada" limefika huko kwa njia nyingine, pamoja na mabwawa ya mchanga ambayo shirika la SASOL limeyajenga tangu miaka ya 1990. Maji ya bwawa la aina hiyo hukaa ndani ya mchanga. Bwawa linalofanya kazi vizuri, likipigwa picha wakati wa kiangazi, huonekana kama mto uliokauka.