Kabini ya babu, miguu ya mjukuu: pikapu hii ina umri gani?

Leo tuweke pembeni mambo ya bumu na ratiba ya mtihani. Nataka tuongee historia, lakini sio ile ya Mkutano wa Berlin tuliyoikariri toka sekondari. Leo ni historia ya pikapu.

Kule Marekani kuna kazi moja mafundi wanaipenda sana. Wanachukua pikapu ya zamani, tuseme Chevrolet ya 1950, yenye uso wa mviringo na taa kama macho ya bundi. Wanaing'oa kabini yake na kuipachika juu ya chesisi ya fowili ya miaka ya 1980 au 1990. Ukiiona barabarani unasema mzee huyu bado yupo. Ukiinama chini unakuta breki za diski, usukani wa pawa na difu mbele na nyuma.

Sasa swali: gari hiyo ni ya mwaka gani? Jamaa mmoja wa darasani kwetu anasema hiyo ni feki, ni kuharibu historia. Mimi nabisha, na hoja zangu ni hizi.

Kwanza, pikapu haikuzaliwa ikiwa kitu kimoja. Mwaka 1917 Ford walipotoa lori dogo la Model TT, walikuwa wanauza chesisi, injini na magurudumu tu. Bodi ulitafuta mwenyewe kwa fundi seremala au kampuni ya bodi. Pikapu iliyokamilika kiwandani kwa Ford ilikuja 1925. Kwa hiyo tangu mwanzo chini ni kitu kimoja na juu ni kingine, vimeshikwa na boliti. Anayefungua boliti hizo leo anatumia mlango ulioachwa wazi na waanzilishi wenyewe.

Pili, viwanda vyenyewe viliwahi kufanya mambo haya haya. Nguvu ya magurudumu manne haikuja kwenye pikapu kirahisi. Kuanzia 1935 kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis ilikuwa inachukua magari ya Ford na kuyafunga ekseli ya mbele inayovuta. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili, jeshi likaagiza Jeep zaidi ya 600,000, na Dodge nao wakaunda malori madogo ya kijeshi ya fowili. Vita ikaisha, vijana wakarudi mashambani wakiwa wameshaona gari inayopita kwenye tope bila kusukumwa.

Dodge walifanya nini? Mwaka 1946 walitoa Power Wagon. Chini ilikuwa na asili ya lile lori la kijeshi. Juu walipachika kabini ya pikapu zao za kiraia, umbo lililoanza 1939. Umeona? Kabini ya zamani kwenye chesisi mpya zaidi ya fowili, tena kutoka kiwandani, na hakuna aliyeiita feki. Iliuzwa Marekani mpaka 1968. Yaani mtu aliyenunua gari mpya dukani mwaka mmoja kabla ya binadamu kukanyaga mwezini alipewa uso wa 1939!

Hata Land Rover, ambayo wazee wetu huku wanaijua vizuri, gari yake ya kwanza ya majaribio ya 1947 ilijengwa Uingereza juu ya chesisi ya Jeep. Ndio ikafuatiwa na Land Rover yenyewe mwaka 1948.

Tatu, kuna sababu za maisha, sio urembo tu. Chevrolet zile za 1947 hadi 1953 zilikuwa na umeme wa volti 6, breki za dramu na injini ya nguvu farasi 90 hivi. Kwa barabara za leo ni shughuli. Ndio maana wengi wanatafuta chesisi ya Chevrolet S-10, pikapu ndogo iliyokuwa na toleo la fowili kuanzia 1983. Kinachotazamwa mwanzo ni umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Pikapu ndogo ya zamani ina inchi 116, na S-10 ndefu ina inchi 117.9, tofauti ya kama sentimita 5 tu. Lakini msidhani ni kuweka kama kofia. Mashimo ya boliti hayakutani, inabidi kuchomelea vishikio vipya. Nguzo ya usukani inahamishwa, pedali nazo, na nyaya zinasukwa upya.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo linaloniuma kama mtu ninayesomea kufundisha historia. Kubadili gari sio kuharibu historia. Kuharibu historia ni kufuta namba. Kwa magari ya kuanzia 1981, Marekani inatumia namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, na sheria ya nchi nzima inakataza kuifuta au kuibadili. Mtu akisaga namba ya chesisi, au akihamisha kibao cha kabini kuficha gari ya wizi, anakuwa amechoma nyaraka. Hatujui tena chuma kilitoka wapi na kilipita kwa nani.

Fundi mwaminifu yeye anaandika: kabini ya mwaka huu, chesisi ya mwaka ule, kazi ilifanyika mwaka fulani. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba gari ile ina miaka mitatu, na yote ni ya kweli. Ukitaja mmoja tu ndio umedanganya. Ni kama kanisa au msikiti wa zamani uliobadilishwa paa: hatusemi ni jengo la jana, tunasema ukuta ni wa lini na paa ni la lini.

Siku nikipata darasa langu nitaanza na pikapu kabla ya wafalme. Nitawauliza wanafunzi: juu ni lini, chini ni lini, na nani alikaza boliti?

Haya, ngoja niwahi maktaba kabla viti havijaisha. Tuko pamoja!