Kutoa upepo kwenye breki ukiwa peke yako (hasa nyie mnaoshuka Newala)

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Msimu wa korosho ukichanganya, kuanzia Oktoba hivi, njia ya Masasi na Newala inajaa pikapu na kenta za magunia, na kila fundi ana foleni. Tingo naye kaenda shambani kwao. Breki imekuwa laini kama unakanyaga mkate, na kesho alfajiri una mzigo. Utafanyaje? Mimi pikapu yangu naitoa upepo mwenyewe, bila mtu wa kunikanyagia.

Kwa msiofika huku kwetu: Newala iko juu, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde, na Masasi iko chini kwenye tambarare yenye milima ya mawe. Aliyewahi kusimama pale Shimo la Mungu akachungulia anauelewa ukingo ninaousema. Ukishuka na mzigo breki zinapata moto, na moto unafika hadi kwenye oili ya breki. Oili hiyo ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewani (uwanda wenyewe una shida ya maji miaka yote, lakini oili inayapata tu!). Kwa viwango, DOT 3 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, ikishanyonya maji ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Ikichemka inatoa mvuke, mvuke unabonyea kama upepo, na pedeli inalala sakafuni. Kwa hiyo ukitoa upepo ukaacha oili nyeusi ya zamani, umefanya nusu kazi.

Kwanza pima. Pedeli ikipanda ukikanyaga mara mbili tatu haraka haraka, kuna upepo, au breki za drami za nyuma zinataka kukazwa. Lakini ukikanyaga ukashikilia na yenyewe inazama polepole, hapo kuna mvujo au raba za masta silinda zimekwisha. Usijisumbue kutoa upepo, tafuta mvujo kwanza.

Vifaa ni vya kawaida: spana ya ringi inayokaa sawasawa kwenye nati ya upepo (mara nyingi namba 8 au 10), mpira wa dripu wa duka la dawa unaoona ndani, chupa safi ya plastiki, na oili mpya iliyofungwa, aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha breki. Usimsikilize anayekwambia uweke oili ya injini eti "ni oili tu". Inavimbisha raba zote, utanunua mfumo mzima.

Gari liwe tambarare, injini imezimwa, mawe kwenye matairi. Ukiinua kwa jeki weka gogo imara chini, usitegemee jeki peke yake. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari zetu za usukani kulia, kawaida ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, ila baadhi ya magari yana mpangilio wake. Pikapu nyingi zina pia vali ya mzigo karibu na ekseli ya nyuma. Ikiwa na nati yake ya upepo, usiiruke.

Futa vumbi kwenye nati, vaa spana, halafu chomeka mpira. Mpira upande juu kidogo kabla ya kushuka kwenye chupa, na ncha yake izame kwenye oili safi. Hapo ndipo siri ya kufanya peke yako ilipo, maana pedeli ikirudi inavuta oili badala ya hewa. Legeza nati robo mzunguko tu. Nenda kakanyage polepole, achia polepole zaidi, mara tano. Kama gari ni la zamani weka kipande cha mbao chini ya pedeli isifike mwisho, kwa sababu kule mwisho masta silinda ina kutu na inakata raba. Rudi uangalie mpira. Povu likiisha na oili ikitoka safi, funga nati.

Kila baada ya mikanyago mitano jaza kikopo juu. Kikikauka umeingiza upepo upya, unaanza moja! Ikimwagika kwenye rangi ya bodi, mwagia maji haraka, inababua. Na kama mbele hapaishi povu, angalia nati iko juu au chini ya kalipa. Kalipa za kulia na kushoto zikibadilishwa, nati inakaa chini na upepo unabaki juu hata ukeshe hapo.

Malori makubwa ya breki za upepo hayahusiki hapa, kule upepo ndio unaofanya kazi. Na gari la ABS likiwa limeingiza upepo ndani ya kifaa chenyewe, mara nyingi linataka mashine ya gereji.

Ukimaliza washa injini, kanyaga kwa nguvu ushikilie nusu dakika, kisha kagua nati zote nne kama kuna inayotoa jasho. Jaribu kwanza kwenye tambarare bila mzigo, mwendo mdogo. Pedeli ikiwa juu na ngumu, pakia magunia, na mteremko uuanze na gia namba mbili tangu kule juu, kabla breki hazijapata moto.