Ganzi ya Neva na Maumivu Baada ya Upasuaji: Mambo Ambayo Mwamini Anapaswa Kuyafahamu

Mtu anapoambiwa kwamba atafanyiwa upasuaji, mara nyingi hofu yake kubwa si kisu chenyewe, bali maumivu yatakayofuata. Hofu hiyo huongezeka anapoelezwa kwamba hatalazwa usingizi mzito, bali atachomwa sindano ya ganzi mgongoni, begani au pajani, naye huenda akawa macho wakati kazi inaendelea. Wapo wanaoikataa sindano hiyo kwa kuogopa kupooza. Wapo pia wanaoikubali, lakini baadaye hulala wakiugulia kimya usiku kucha, wakidhani kwamba kuomba dawa ya maumivu ni upungufu wa imani. Wote hao huteseka pasipo sababu. Katika makala hii tunaeleza ganzi ya neva ni nini, wagonjwa hupitia nini inapoanza na inapokwisha, na Kanisa linafundisha nini kuhusu kutuliza maumivu.

Ganzi ya neva ni nini?

Kisu kinapokata ngozi ya mguu, neva, yaani mishipa ya fahamu, hupeleka habari hiyo hadi kwenye uti wa mgongo, na kutoka hapo hadi kwenye ubongo. Ndipo mtu huhisi kwamba anaumia. Dawa ya ganzi ikiwekwa kando ya neva, huzuia chembe za sodiamu zisiingie ndani yake, na pasipo chembe hizo neva haiwezi kupitisha habari. Neva haikatwi wala haiuawi. Damu inapoiondoa dawa hiyo taratibu, neva hurudia kazi yake.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1884 daktari Carl Koller, huko Vienna, alionyesha kwamba jicho linaweza kupasuliwa bila maumivu kwa kutumia kokeini. Mwaka 1898 daktari August Bier, huko Kiel nchini Ujerumani, alitumia ganzi ya uti wa mgongo katika upasuaji, na alipokubali kufanyiwa jaribio la njia hiyo mwilini mwake alipata maumivu makali ya kichwa. Kokeini ilikuwa na madhara mengi, hivyo wanasayansi walitafuta dawa salama zaidi. Lidokeini ilitengenezwa nchini Uswidi mwaka 1943, na bupivakeini mwaka 1957. Zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Mahali pa kuchoma sindano hutegemea sehemu inayopasuliwa. Kwa mama anayejifungua kwa upasuaji, kwa mgonjwa wa ngiri au wa mguu, sindano huchomwa sehemu ya chini ya mgongo. Kwa mkono, dawa huwekwa karibu na neva zinazopita shingoni, begani au kwapani. Kwa mzee aliyevunjika nyonga, ganzi ya neva za paja huweza kumpunguzia maumivu hata kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, ili aweze kugeuzwa na kupigwa picha bila mateso makubwa. Katika hospitali zenye kipimo cha ultrasaundi, mtaalamu huiona neva katika kioo na kuielekeza sindano karibu nayo.

Mambo wanayoyapitia wagonjwa

Wagonjwa wengi husema kwamba mchomo wenyewe ulikuwa mdogo kuliko hofu yao. Baada ya sindano ya mgongo, joto huenea miguuni, kisha miguu huwa mizito kama magogo, na mwishowe mgonjwa hushindwa kuinyanyua. Aliyepewa ganzi ya bega huutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Hali hizi ni za kawaida, na ni dalili kwamba dawa inafanya kazi.

Ni vema kujua mapema kwamba ganzi huondoa maumivu, lakini si lazima iondoe kila hisia. Mama anayepasuliwa ili ajifungue huweza kuhisi kuguswa, kuvutwa na kusukumwa tumboni, bila kuhisi ukali wa kisu. Asiyeelezwa jambo hili hushtuka na kudhani kwamba dawa imeshindwa. Hata hivyo, mgonjwa akihisi maumivu ya kweli, na aseme papo hapo. Mtaalamu wa usingizi na ganzi yupo kichwani pake kwa ajili hiyo, na anazo njia nyingine za kumsaidia. Baadhi ya wagonjwa hutetemeka, huhisi kichefuchefu, au shinikizo la damu yao hushuka. Hayo nayo hutibiwa palepale.

Ganzi inapokwisha

Hapa ndipo wengi hukutwa bila maandalizi. Ganzi ya mgongo kwa kawaida hudumu kwa saa chache tu. Ganzi ya neva ya mkono au mguu, ikitolewa kwa dawa ya muda mrefu kama bupivakeini, huweza kudumu kati ya saa 8 na 24. Mgonjwa aliyepasuliwa asubuhi hushinda akizungumza na wageni akiwa na furaha, tena huona hana haja ya kumeza vidonge. Kisha usiku, ganzi inapoachia, maumivu huja ghafla na kwa nguvu nyingi. Wataalamu wanaifahamu hali hii, nayo haimaanishi kwamba upasuaji umeharibika. Ni kwamba kidonda kilikuwepo muda wote, ila habari zake hazikufika kwenye ubongo.

Dawa yake ni kutangulia. Vidonge vya maumivu alivyoandikiwa mgonjwa, kama vile parasetamoli, vimezwe kwa saa zilizopangwa kabla ganzi haijaisha, na hasa kabla ya kulala. Maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Muuguzi akimwomba mgonjwa ayapime maumivu yake kwa namba kuanzia 0, yaani hakuna, hadi 10, yaani makali kupita yote, ajibu kwa ukweli. Anayesema 2 huku meno yameumana humnyima muuguzi habari anayoihitaji. Tena maumivu yasiyotulizwa huzuia uponyaji: mgonjwa hashushi pumzi, hakohoi, hainuki kitandani, na hivyo hujiweka katika hatari ya kupata homa ya mapafu na damu kuganda miguuni.

Wapo wanaoiogopa mofini kwa kudhani kwamba dozi moja humfanya mtu kuwa mteja wa dawa za kulevya. Mofini inahitaji uangalifu na usimamizi wa daktari, lakini kutumiwa kwa siku chache baada ya upasuaji mkubwa ni tiba halali, si anasa.

Hofu ya kupooza na hatari za kweli

Hofu ya kupooza inastahili kujibiwa kwa ukweli. Kwa mtu mzima, sindano ya mgongo huchomwa chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia. Madhara ya kudumu katika neva yanaweza kutokea, lakini ni nadra sana. Kuwashwa au ganzi kidogo inayobaki kwa siku au majuma kadhaa hutokea mara nyingi zaidi, na kwa kawaida huisha yenyewe.

Mgonjwa amwarifu daktari mapema ikiwa ana mzio wa dawa, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana jipu mahali pa kuchomwa. Wakati wa sindano, akisikia mlio masikioni, midomo ikifa ganzi au akionja ladha ya chuma mdomoni, aseme mara moja, kwa kuwa huenda dawa imeingia katika damu. Baada ya sindano ya mgongo, maumivu ya kichwa yanayozidi mtu akiketi na kupungua akilala yanahitaji kuonwa na daktari. Vivyo hivyo, mgonjwa arudi hospitali bila kuchelewa ikiwa miguu inazidi kukosa nguvu, anashindwa kukojoa, ana homa, au ganzi haiondoki katika muda alioambiwa.

Mguu wenye ganzi usikanyagiwe bila msaada, kwa maana wengi wameanguka hivyo. Mkono wenye ganzi usisogezwe karibu na moto wala chupa ya maji ya moto, kwani mtu huweza kuungua bila kujua.

Mafundisho ya Kanisa

Je, mkristo anayekubali ganzi anaukimbia msalaba? Swali hili liliulizwa na madaktari wenyewe. Papa Pius XII, katika hotuba yake ya tarehe 24 Februari 1957, alijibu kwamba hakuna wajibu wa jumla wa kimaadili unaomlazimu mgonjwa kukataa dawa ya kutuliza maumivu. Mwamini anaweza kwa hiari yake kupokea mateso kwa ajili ya kuungana na Kristo, lakini hakuna anayeruhusiwa kumtwisha mwenzake mzigo huo. Mwaka uliotangulia, tarehe 8 Januari 1956, Papa huyo alikuwa amefafanua kwamba maneno ya Kitabu cha Mwanzo kuhusu uchungu wa uzazi hayamkatazi mama kutumia njia halali za kuupunguza.

Katika Barua ya Kitume Salvifici Doloris ya tarehe 11 Februari 1984, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba mateso yaliyounganishwa na ya Kristo yana maana ya wokovu. Barua hiyohiyo inatuwekea mbele Msamaria Mwema, aliyesimama kando ya mtu aliyejeruhiwa na kuzitunza jeraha zake kwa mafuta na divai. Hakumhubiria kwanza uvumilivu. Mafundisho haya mawili hayapingani: tunayapunguza maumivu yanayoweza kupunguzwa, na yale yanayobaki tunamtolea Mungu. Baada ya upasuaji, hata mwenye kutibiwa vizuri hubakiwa na ya kutosha kutolea.

Wajibu wa mgonjwa, familia na jumuiya

Tunawashauri waamini wanaojiandaa kwa upasuaji mkubwa wamwone paroko mapema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1515, inasema kwamba inafaa kupokea Mpako wa Wagonjwa kabla ya upasuaji mzito. Sakramenti hii si tangazo la kifo. Kwa kuwa mgonjwa hutakiwa kutokula kwa saa kadhaa kabla ya upasuaji, ni vizuri Kitubio, Mpako na Komunyo vipangwe siku iliyotangulia.

Kwa daktari, mgonjwa aulize: nitapewa ganzi ya aina gani? Itadumu saa ngapi? Ikianza kuisha nimeze nini, na nimwite nani usiku? Majibu hayo yaandikwe na kukabidhiwa yule atakayelala naye.

Ndugu na wanajumuiya wanaokwenda kumtazama mgonjwa wajiepushe na kumwambia ajikaze tu. Wamsaidie kukumbuka saa ya dawa, wamshike mkono anaposhuka kitandani, wamwite muuguzi pale yeye anapoona haya kuita, kisha wasali pamoja naye sala fupi. Mama akiugulia wodini usiku, jirani anayekwenda kumwita muuguzi anatenda tendo la huruma.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, awaombee wote walio katika vitanda vya hospitali, pamoja na madaktari na wauguzi wanaokesha nao.